Kanzu na Koti Ndani ya Dakota

Mkiniletea leo sare ya mhudumu wa ndege niipime, siangalii kwanza rangi wala vifungo. Namvalisha mtu mwenye umbo lake, kisha namwambia: inua mikono kama unayeteremsha begi. Inama kama unayeokota kijiko chini ya kiti. Panda ngazi. Kaa. Geuka bila kusogeza miguu. Nguo ikilalamika mahali, nasikia. Nikisharidhika ndipo natazama rangi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaojifunza kushona, hasa wa hapa Tabora, mnaodhani sare ni kola, nembo na picha nzuri ukutani. Mimi ni Fundi Kulwa, mtoto wa mkulima wa Igalula, mwenye diploma ya ukataji wa nguo kutoka chuo cha Uingereza, niliyoisomea kwa posta nilipokuwa nafanya kazi Nairobi. Wakati wa Mwingereza hapakuwa na fundi mwingine Mwafrika kutoka Igalula hadi Kigoma mwenye karatasi ile. Kama alikuwepo hakujitokeza, na mimi nilimngoja miaka mingi mlangoni kwangu.

Niliporudi nilipanga chumba karibu na soko, nikatundika diploma juu ya cherehani, mahali ambapo mteja akikaa kwenye benchi hana pengine pa kutazama. Watu walinicheka. Mzee Kitwana, mshonaji wa kanzu aliyenifundisha kushika sindano kabla sijaondoka, alipita siku ya pili. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana diploma. Hiyo karatasi imekunywa chai leo, au inangoja ya Ulaya?"

"Imekunywa, mzee. Karibu nawe."

"Mimi nimekuja kuona kama bado unajua kutunga uzi."

Nikatunga mbele yake. Akaitazama sindano, akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Kwa Mzee Kitwana hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Huko Nairobi fundi wetu mkuu alikuwa Mgoa mwenye miwani minene. Koti langu la kwanza nililikata vizuri mno, likakaa juu ya sanamu ya mbao bila kunyanzi hata moja. Nikamwita aje aone. Akalizunguka mara mbili.

"La nani hili?"

"La karani wa benki, bwana."

"Amekufa lini?"

"Hajafa, bwana."

"Basi mbona umemshonea nguo ya maiti? Mtu aliye hai hupiga chafya."

Akalivaa yeye mwenyewe, akapiga chafya ya uongo, na mshono wa kwapa ukaachia. Tulicheka wote, mimi nikiwa wa mwisho. Tangu hapo sikumpima mteja akiwa amesimama kama mlingoti. Karani nampima akiandika, mwalimu nampima akiinua chaki. Wateja wengine waliniona nina kichaa. Makoti yao yaliwadumu kuliko ndoa zao.

Sasa nifike kwenye ndege.

Miaka ile kulikuwa na kampuni ndogo ya ndege ambayo imekwisha kufa, na jina lake nitaliacha lipumzike. Ndege yao ya Dakota ilitoka Dar es Salaam, ikapitia Dodoma, ikalala Tabora, kisha ikaenda Kigoma na kurudi. Nyinyi mmezoea ndege inayosimama sawasawa. Dakota ikiwa chini ilikaa kama mbwa aliyeketi, pua juu na mkia ardhini, hivyo mlango ulikuwa nyuma na kwenda kwenye kiti cha mbele ilikuwa kupanda mlima. Kumbukeni mlima huo.

Wahudumu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Miss Dora, binti wa mkulima Mzungu wa Kenya, aliyekuwa anasema Kiswahili vizuri kuliko baadhi ya makarani wetu. Wa pili alikuwa Yusufu, mtoto wa Mzee Kitwana huyohuyo. Alianzia kwenye mizigo pale uwanjani, akajifunza Kiingereza kwa kusikiliza, akapandishwa ndani kwa majaribio. Mtaani kwetu hapakuwa na mwingine aliyewahi kupata kazi hiyo, na wazee walianza kumwita mwanaanga kabla hajamaliza wiki.

Miss Dora alivaa koti na sketi ya sufu ya bluu nzito, vifungo vya shaba, kofia ndogo iliyoshikwa kwa pini, na glavu nyeupe. Kwa sura, hakuna wa kubisha, koti lilikatwa na mtu anayejua kiuno ni nini. Lakini mzunguko wa kwapa, pale mkono unapoingia, ulikuwa umeshuka chini mno, kwa hiyo akiinua mikono kufikia wavu wa mizigo juu ya viti, koti zima lilipanda naye na blauzi ikachungulia mbele ya abiria. Vifungo vya shaba vilikuwa na meno pembeni. Aliwahi kuinama kumhudumia mke wa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, kifungo kikanasa kwenye nywele za mama yule, wakakaa wameshikana kama mabeberu mpaka Dodoma ilipoonekana. Na glavu nyeupe, katika vumbi la Tabora! Alishika chuma cha ngazi mara moja tu, na glavu ikawa na rangi ya barabara ya Sikonge.

Yusufu alivalishwa kanzu nyeupe ya drili, kile kitambaa kizito cha pamba, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu, kama wahudumu wa hoteli kubwa za wakati ule. Kwa sura nayo ilipendeza. Wageni walimpiga picha. Kwa mikono ilikuwa nguo bora kuliko ya Miss Dora, maana kanzu ina kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne kinachoshonwa chini ya kwapa ili mkono uende popote bila kuvuta mwili wa nguo. Waliobuni kikwapa, Mungu awarehemu, walikuwa na akili kuliko mimi, na sisemi hivyo kwa watu wengi. Lakini kwa miguu, ndani ya kile kijia chembamba kati ya viti, ilikuwa balaa. Upindo wa chini ulinasa kwenye vyuma vya viti. Tarbushi iligonga dari, na shada lake siku moja lilimpangusa hakimu pua.

Basi jioni moja Miss Dora akaja dukani na koti lake. Mshono wa kwapa ulikuwa umeachia, kama nilivyotarajia tangu nilipomwona kwa mbali. Akakaa kwenye benchi, akasoma diploma yangu yote, hata saini.

"Fundi, unaweza kuushona mshono huu usikatike tena?"

"Kuushona ni rahisi, Miss. Utakatika tena Jumanne. Niachie nikutengenezee."

Nilipokuwa naupima mkono wake akaniambia habari za Yusufu. Majaribio yake yalikuwa yanaisha mwisho wa mwezi, na meneja alikuwa tayari ameamua kumrudisha kwenye mizigo.

"Kwa kosa gani?"

"Anamwaga chai. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Hautumii kabisa. Meneja anasema pengine alizaliwa hivyo."

Nikaacha kupima. Yusufu? Nilimjua tangu hajaota meno. Kijana yule alikuwa akishusha madebe ya asali kwenye malori ya wafanyabiashara, moja mkono huu na moja mkono ule, huku akiimba.

"Na meneja akisharudisha mmoja kwa sababu hiyo," Miss Dora akasema polepole, "hatapandisha mwingine. Atasema amekwisha jaribu watu wa hapa."

Asubuhi nikafunga duka, nikaenda uwanjani kwa baiskeli, nikasimama kwenye uzio. Ndege ilikuwa inapokea abiria. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa reli. Yusufu akapanda ngazi na trei ya peremende, zile walizogawa abiria wamung'unye wakati wa kuruka ili masikio yasiume. Mkono wa kulia ulishika trei. Mkono wa kushoto ulishika kanzu, ameikusanya kidogo pajani ili asiikanyage. Kupitia mlangoni nikamwona anapanda ule mlima wa ndani, bado ameishika. Mtu mmoja akamnyooshea bahasha, Yusufu akasita, hakuwa na mkono wa kuipokelea.

Nyinyi mliozaliwa juzi huenda hamjui, kwa hiyo naeleza. Mwanamume wa Tabora mwenye kanzu, akitaka kubeba gunia au kuchimba shimo, huinua upindo na kuuchomeka kiunoni, na miguu inakuwa huru. Lakini hafanyi hivyo mbele ya mgeni anayemhudumia, wala mbele ya mama asiye wa nyumbani kwake. Ukichomeka kanzu mbele yao umewaambia kwamba wao ni gunia au shimo. Akishika trei mbele ya watu, mtu wa heshima anaiacha kanzu ishuke mpaka chini, na mahali penye ngazi anaishika kwa mkono. Sebuleni hiyo haina shida. Ndani ya Dakota inayoyumba, mkono huo ndio unaotakiwa kushika chai.

Ndege iliporudi alasiri nilimngoja karibu na banda la mizigo.

"Yusufu, una mshipi kiunoni. Kwa nini huchomeki kanzu?"

"Mbele ya wale akina mama, Fundi?"

"Wale ni Wazungu. Hawajui maana yake."

"Mimi najua."

"Lakini wanakurudisha kwenye mizigo, ndugu yangu. Wanasema una mkono mbovu."

Akajitazama mkono kama ameonyeshwa wa mtu mwingine.

"Mzee ameshawaambia watu wote msikitini kwamba nahudumia angani," akasema. "Nikirudi kubeba masanduku, watamwuliza kila Ijumaa."

Nikaenda kwa meneja siku hiyohiyo, na tai yangu shingoni. Alikuwa Mwingereza mrefu tuliyemwita Bwana Saa, kwa jinsi alivyotazama saa yake hata ukimwambia habari za asubuhi. Nikajitambulisha kwa Kiingereza, nikataja diploma yangu na mahali ilipotoka, akainua nyusi. Nikamweleza habari za mkono.

"Kwa hiyo achomeke," akasema.

"Hatachomeka, bwana. Na ukimlazimisha atachomeka kwa aibu, na mtu mwenye aibu humwaga chai zaidi."

"Abiria wanaipenda kanzu. Inatoka vizuri kwenye picha."

"Picha haibebi trei, bwana. Nitakushonea nguo itakayotoka vizuri kwenye picha na kumwachia mikono miwili. Ikishindwa, mrudishe kwenye mizigo nami sitasema neno."

Akatazama saa. "Safari ya Alhamisi. Kwenda Kigoma na kurudi, nami nitakuwemo. Nikiuona ule mkono unafanya kazi, nitabadilisha uamuzi. Na wewe panda. Kuna kiti kitupu. Nguo ikipasuka, ipasuke ukiwepo."

Siku zile nilishona kama mwenye homa, ingawa mikono ilikuwa shwari. Nilikata koti fupi jeupe, la kufungwa mpaka shingoni, lisilo na kola ya kupinduka, na vifungo vilivyofichwa chini ya ukingo ili visinase nywele za mke wa mtu. Kitambaa nilikifua kwanza na kukianika kabla ya kukigusa kwa mkasi. Shikeni hilo: maji ya visima vyetu hupunguza drili bila huruma, na ukikata kabla ya kufua unamshonea mdogo wake mteja. Suruali niliipa nafasi gotini na nyuma, kwa ajili ya kuchuchumaa. Mfuko mmoja niliuweka ndani, upande wa kushoto, wa kitambaa cha kufutia.

Chini ya makwapa ya koti lile la kizungu niliweka kikwapa cha kanzu. Kitabu cha chuo changu hakikuwa na jambo kama hilo, wala washonaji wa kanzu hawakuwahi kukata koti. Kuviunganisha vile viwili kulitaka kichwa kilichokaa pande zote mbili, na kichwa hicho kilikuwa changu. Nalisema waziwazi kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema. Koti la Miss Dora nalo nikalitia kikwapa cha sufu, kidogo, kisichoonekana.

Shingoni nilitaka darizi ya hariri, kama ya kanzu njema, ili Bwana Saa apate picha yake. Hiyo kazi ni ya mkono, na mkono wake ulikuwa wa Mzee Kitwana. Nikaenda nyumbani kwake. Alilipindua koti, akaingiza kidole kwenye kikwapa, akavuta.

"Umekishona kwa mashine?"

"Kwa mkono, mzee. Kama ulivyonifundisha."

"Hm. Na hili ndilo vazi atakalovaa mwanangu akiwapa watu chai?"

"Ndilo."

"Na ile kanzu ya kampuni?"

"Nataka wamvue."

Akapapasa kitambaa. "Mimi nimeshona kanzu za harusi na za Idi," akasema. "Nilipomwona mwanangu amevaa kanzu yenye alama ya ndege kifuani, anachukua vikombe vichafu, nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Sikumwambia. Kijana alikuwa na furaha." Akavuta kikapu cha nyuzi. "Lete hapa. Na uondoke, unaniziba mwanga."

Alhamisi nilivaa suti yangu ya vipande vitatu, ya sufu ya Nairobi, na saa ya mfukoni. Nilikuwa fundi wa kwanza wa Tabora kupanda ndege kikazi, na nilitaka hata Wakigoma walifahamu hilo. Nikakaa dirishani nyuma ya Bwana Saa. Yusufu akaingia na peremende. Koti jeupe, darizi ya hudhurungi shingoni, kichwa wazi bila tarbushi. Akapanda ule mlima wa ndani kama anatembea sebuleni kwao. Kulia trei, kushoto bega la kiti. Kila abiria alipata peremende yake. Bwana Saa alichukua moja bila kugeuka, lakini nilimwona anafuata ule mkono kwa pembe ya jicho.

Mpaka tulipoyafikia mabwawa ya Malagarasi mambo yalikuwa mazuri. Hapo hewa ya joto ilianza kutupandisha na kututeremsha. Nikagundua kwamba kizibao changu kilikatwa kwa mtu aliyesimama. Nikavuta pumzi, na kifungo kikaruka kikagonga dirisha. Kilikuwa kifungo cha dukani, nataka mjue, hakikutoka mkononi mwangu. Nikafungua vilivyobaki na kufumba macho.

"Fundi," nikasikia sauti ya Yusufu sikioni, "mfuko huu hapa. Ni wa karatasi, usiuonee haya."

"Sina haja nao."

"Najua. Ushike tu, uniwekee."

Nikamshikia. Sitawasimulia zaidi juu ya mfuko ule.

Kisha wakaanza kugawa chai, Miss Dora akimimina kutoka kwenye chupa kule nyuma, Yusufu akipeleka. Mbele alikaa mtawa mmoja mzee wa misheni ya Kigoma, na juu yake kwenye wavu aliweka kikapu cha chupa za dawa. Yusufu alikuwa amefika kwake, trei ya vikombe vinne mkono wa kulia, ndege iliposhuka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Kikapu kikatoka kwenye wavu.

Mkono wa kushoto ulikwenda juu. Ulikwenda moja kwa moja, mpaka mwisho wake, ukakipokea kikapu hewani juu ya kichwa cha yule mtawa, na ukabaki pale umekibeba huku ndege ikitikisika. Trei ikayumba. Chai ilipanda mpaka ukingoni mwa vikombe ikarudi. Mimi nilikuwa natazama kwapa. Mshono ulikaa. Koti halikupanda hata kidole kimoja.

Miss Dora akaja mbio kutoka nyuma, akainua mikono yote miwili akakirudisha kikapu, na blauzi yake ikabaki mahali pake. Nadhani ndani ya ndege ile ni mimi peke yangu niliyeliona hilo.

"Asante, mwanangu," mtawa akasema.

"Chai yako, mama," Yusufu akajibu, akampa kwa mikono miwili.

Kurudi kulikuwa kutulivu. Bwana Saa alikaa kitini hadi tulipotua Tabora na abiria wote wakashuka. Akasimama chini ya ngazi, akangoja Yusufu ateremke. Nami nikasimama karibu, kizibao wazi, nikijifanya natafuta kifungo changu. Safari hii hakutazama saa. Aliutazama ule mkono, kisha koti, kisha mkono tena.

"Utaendelea," akasema. "Nitaagiza makoti mengine kwa Fundi. Naona mkono umepona."

Yusufu akasimama wima mbele yake, mikono yote miwili ikining'inia pembeni, haishiki kitu.

"Haukuwa mgonjwa, bwana," akasema. "Ulikuwa kazini."

Akamwomba ruhusa kwa heshima, akapanda ngazi tena kwenda kukusanya vikombe.